Kamba Nyekundu ya Mlango wa Gereji: Tafakuri ya Kutengeneza, Kubadilisha na Kutawala kwa Mbali

Agosti mwaka jana nilikwenda Mbinga kumjulia hali baba yangu mdogo, mtumishi mstaafu wa ushirika wa kahawa. Nilifika jioni, baridi ya milimani imeshaanza kuuma, nikamkuta amesimama mbele ya gereji yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila hata kuniuliza habari za safari akaniambia, "Mwanangu, mlango umegoma, na kahawa yote imo ndani."

Magunia yake yote, kahawa iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukauka, yalikuwa nyuma ya mlango ule. Siku tatu baadaye chama cha msingi kingepokea mzigo wa mwisho wa awamu ile. Asiyepeleka angesubiri awamu nyingine, na ada za wajukuu hazisubiri awamu.

Mlango wenyewe una historia. Mota yake ilitengenezwa Ulaya, ikatumika huko, ikaja Dar es Salaam ndani ya kontena la vitu vilivyotumika. Mzee aliinunua miaka mingi iliyopita kwa kupendezwa nayo tu, akaihifadhi sandukuni, kwa sababu umeme wa majenereta wa wakati ule haukuwa wa kuaminika. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018 na Ruvuma ikaunganishwa na gridi ya taifa, ndipo alipoitoa sandukuni na kumwita fundi aifunge. Kwa miaka kadhaa alikuwa mzee pekee mtaani pale aliyefungua mlango kwa kidole akiwa ndani ya gari. Kisha siku moja, akiwa ameinama kwenye karo la kuoshea kahawa, rimoti ikamponyoka mfuko wa shati ikazama majini. Alipoitoa na kuianika juani, ilifanya kazi siku mbili, ikafa.

Usiku ule ulikuwa na mjadala mkali. Binamu zangu walisema, ng'oeni vyote, mota na reli zake, tununue mpya. Mzee alisema mashine haina kosa, itengenezwe rimoti. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha, sikuwa na la kusema lenye manufaa, nikabaki kusikiliza. Lakini kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyohisi kwamba mabishano yale nimewahi kuyasikia mahali pengine, tena mara nyingi: katika kumbi za semina, katika vikao vya kamati, katika nyaraka za zamani za Serikali yetu. Jambo likikwama, je, tunatengeneza au tunabadilisha? Na kabla ya swali hilo kuna jingine tunalolisahau: ni kitu gani hasa kilichokufa?

*Kilichokufa ni kipi?*

Asubuhi alikuja kijana mwenye kibanda karibu na soko, fundi wa redio, simu na taa za jua. Hakugusa rimoti kwanza. Aliuliza kama kuna kitufe cha ukutani ndani ya gereji. Kipo, lakini gereji ile haina mlango mwingine. Kukawa hakuna njia ila kutoa vioo vya kidirisha cha hewa na kumpitisha mjukuu mwembamba kuliko wote. Mtoto akashuka juu ya magunia, akabonyeza kitufe, na mlango ukainuka taratibu kama kawaida yake. Watu walipiga makofi. Fundi hakupiga.

"Mzee," alisema, "mota yako ni nzima. Reli nzima, umeme upo. Kinachokosekana ni mawasiliano tu."

Ndipo alipoifungua rimoti. Alibadilisha betri ile ndogo ya volti 12, akasugua vishikizo vyake kwa spiriti, akapima vifungo kimoja kimoja. Nilijitia ujuzi nikamshauri aielekeze kwenye kamera ya simu tuone kama inatoa mwanga, kama tunavyofanya kwa rimoti ya televisheni. Alinijibu kwa adabu kwamba ile ya televisheni hutumia mwanga usioonekana kwa macho, ambao kamera nyingi huuona; hii hutumia mawimbi ya redio, na kamera haiyaoni. Kisha akanionyesha ubao wa saketi: maji yalikuwa yamekula njia za shaba hadi zikawa kijani, na kijisehemu kimoja kilikuwa kimekatika mguu. Mgongoni mwa kasha paliandikwa megahezi 40.685, masafa ya zamani ya huko Ulaya. Rimoti nyingi zinazouzwa kwetu leo hutumia megahezi 433.92. Hata ukiwa na fedha mkononi, ndugu yake rimoti ile humpati Mbinga wala Songea.

Nitarejea kwa fundi. Kwanza niruhusu, msomaji, nikupeleke ziwani, kwa sababu mkoa huu ulikutana na tatizo la kuongozwa kwa mbali zamani sana kabla ya gereji ya baba mdogo.

*Meli iliyokuwa kwenye matengenezo*

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyoelea katika bwawa na kugeuka kulia na kushoto bila kamba wala mtu ndani. Aliiongoza kwa mawimbi ya redio. Hiyo ndiyo nyanya ya rimoti zetu zote. Tesla mwenyewe alikuwa akifikiria pia vita: chombo kinachokwenda kupigana huku mwenye kukiamuru yuko mbali, salama.

Miaka 16 baadaye, vita vilifika Ziwa Nyasa kwa namna inayofanana na hiyo, ingawa bila mashine ya Tesla. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven kwa sababu ya mwamba unaofanana na sanamu ile ya Misri, ilikuwapo meli yao Hermann von Wissmann. Ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, ikaungwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ng'ambo, upande wa Nyasaland, Waingereza walikuwa na Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades. Nahodha wa Wissmann aliitwa Berndt. Wasimulizi wa vita ile wanaeleza kwamba manahodha hao wawili walifahamiana vizuri na kunywa pamoja bandari zilipowakutanisha.

Agosti 1914 Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Habari za vita zilifika Nyasaland kwa simu ya maandishi. Hazikuwa zimefika Sphinxhaven. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilitokea, ikasimama mbali kidogo, ikafyatua mizinga kuelekea meli isiyoweza hata kuelea. Berndt alipiga makasia hadi kwa rafiki yake kwa hasira, kumuuliza kama amelewa. Akajibiwa kwamba nchi zao ziko vitani na kwamba yeye ni mateka. Waingereza walichukua vipande muhimu vya injini, wakaondoka. Magazeti ya London yaliandika habari hiyo kama ushindi wa vita vya majini.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kina uchekeshaji wake. Lakini kitazame kwa macho ya mvuvi wa Kinyasa aliyekuwa akikausha dagaa wake pwani ya Liuli asubuhi ile. Wanaume wawili wanaofahamiana, ziwa moja, hali ya hewa ileile ya jana. Kilichobadilika kilikuwa ujumbe kutoka mbali, ambao mmoja aliupata na mwingine hakuupata. Meli zote mbili zilikuwa na manahodha, lakini hakuna hata mmoja wa manahodha hao aliyekuwa na kitufe.

Angalia pia kwamba Waingereza hawakuizamisha meli, waliifanya isitengenezeke. Walijua kuwa nguvu ya chombo iko katika vipuri vyake. Na Mei 1915 walirudi Sphinxhaven kuishambulia tena, kwa kuhofia kwamba Wajerumani wangeifufua. Baada ya vita wao wenyewe waliitengeneza na kuipa jina jipya, King George V, ikaendelea kulitumikia ziwa. Chombo kilekile, mabati yaleyale; aliyebadilika ni mshika kitufe.

*Ushirika ulipong'olewa mzima*

Wamatengo walipanda milimani karne ya 19 wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, na kwa sababu ardhi ya miteremko ni ya kuteleza, walilima kwa ngoro, vile vishimo vilivyopangwa kama masega ya nyuki, ambavyo huzuia maji yasibebe udongo. Kahawa iliwafikia katika miaka ya 1920. Mwaka 1936 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kikianza na tumbaku ya Songea, na baadaye kahawa ya Umatengo nayo ikapita humo.

Siwezi kudai kwamba ushirika ule ulikuwa malaika. Ulizaliwa chini ya ukoloni, na mkoloni alikuwa na sababu zake. Baada ya uhuru vyama vingi vya ushirika nchini vililalamikiwa kwa wizi, upendeleo na ucheleweshaji wa malipo, na malalamiko mengi yalikuwa ya kweli. Ulikuwa mashine yenye kasoro. Swali lilikuwa lile la binamu zangu: tutengeneze au tubadilishe?

Taifa lilichagua kubadilisha. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mfumo uliochukua nafasi yake ukaitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri. Kilichopelekwa mikoani, hata hivyo, kilikuwa maofisa wa Serikali Kuu. Madaraka waliyokuwa nayo wananchi kupitia madiwani wao yaliondoka. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chombo cha ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Mkulima wa Mbinga aliyekuwa akimjua mwenyekiti wake kwa jina, na kujua nyumba ya kwenda kugombana naye, sasa alisubiri malipo kutoka ofisi asiyoijua mlango wake.

Historia ilitoa hukumu haraka. Sheria mpya ya ushirika ikapitishwa mwaka 1982, na serikali za mitaa wilayani zikarejeshwa mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kufuta ushirika yalikuwa makosa. Ni viongozi wachache wa aina yake wanaokiri hadharani kosa kubwa kiasi hicho, na tumheshimu kwa hilo. Lakini kukiri hakurudishi vipuri. Makarani waliojua vitabu walikuwa wametawanyika, na mazoea ya kukutana, kuhoji na kufukuza kiongozi mbaya yalikuwa yamekatika. Chama cha MBICU cha Mbinga kilipokabiliwa na soko huria katika miaka ya 1990, makampuni binafsi yakinunua kahawa mlangoni kwa fedha taslimu, kiliyumba. Baba mdogo alikuwamo. Hupenda kusema kwamba walirudishiwa mlango bila bawaba zake.

*Mafundi wa enzi ya uhaba*

Wakati huohuo, nje ya nyaraka, nchi ilikuwa ikijifunza kutengeneza. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilifanya spea ziadimike. Waliokuwa watoto kama mimi tunakumbuka redio zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli, betri zilizoanikwa juani zipate uhai wa jioni moja, na kandambili zilizoshonwa kwa waya. SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilijaribu kuupa ufundi huo mdogo mdogo makao rasmi. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi ilipita kutoka mkono hadi mkono, chini ya miembe, bila cheti.

Sipambi umaskini. Hakuna utukufu katika kukosa betri. Ninachosema ni kwamba kizazi kile kililazimika kuuliza swali la kwanza la fundi: kilichokufa ni kipi? Aliyekosa fedha ya kubadilisha vyote alilazimika kujua sehemu iliyoharibika. Leo, ambapo bidhaa mpya za bei nafuu zimejaa madukani, swali hilo tunaliruka. Tumeliruka majumbani, na kwa hatari zaidi, tumeliruka maofisini. Mfumo wa taarifa ukikwama, tunatangaza mfumo mpya. Kamati ikishindwa, tunaivunja na kuunda nyingine yenye watu wale wale na jina refu zaidi. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anajua idadi ya kompyuta zilizorundikwa stoo ya ofisi yake kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza kama ubovu ni wa mashine au wa waya.

*Dawa ya kijana wa sokoni*

Sasa turudi gerejini. Fundi aliwakataa binamu zangu, na alimkataa mzee pia. Rimoti haiwezi kutengenezwa, alisema, na mota haihitaji kubadilishwa. Akaeleza kwamba kitufe cha ukutani hakina ujanja wowote: kinagusanisha nyaya mbili kwa sekunde moja, na mota huelewa hiyo ni amri. Basi tutafunga kipokezi kipya kidogo cha megahezi 433.92 pembeni, chenye rimoti zake mbili, na nyaya zake mbili zitaunganishwa palepale zilipo nyaya za kitufe. Rimoti mpya itaongea na kipokezi kipya, kipokezi kitagusanisha nyaya, na mota ya zamani haitajua kama kuna kilichobadilika.

Aliongeza jambo la usalama ambalo sikulijua. Rimoti ya zamani ilirusha namba ileile kila mara, iliyopangwa kwa swichi ndogo ndogo ndani ya kasha. Mwizi mwenye kifaa angeweza kuinasa mara moja na kuirudia siku nyingine. Kuanzia miaka ya 1990 watengenezaji walianza kutumia namba zinazobadilika kila kifungo kinapobonyezwa, na aliagiza kipokezi cha aina hiyo kutoka Songea. Kilifika kesho yake kwa basi. Kufikia saa kumi jioni mlango uliitika.

Mzee alikuwa tayari ananyoosha mkono kulipa, fundi akasema bado. Alipanda ngazi hadi kwenye reli, akauliza, "Hii kamba nyekundu nani aliifunga juu huku?"

Kila mota ya aina hii ina kamba ya dharura. Ukiivuta, mlango huachana na mota, unaweza kuuinua kwa mikono. Ipo kwa ajili ya siku umeme ukikatika, au rimoti ikifa, au mtu akifungiwa ndani. Baba mdogo aliifunga kwenye kenchi mwenyewe miaka ile, wajukuu wasiichezee, kisha akaisahau. Hata isingefungwa, isingetusaidia siku ile, kwa sababu sisi tulikuwa nje na yenyewe iko ndani. Fundi aliishusha, kisha akatoboa tundu dogo juu ya mlango, akapitisha waya wa chuma kutoka kwenye kamba hadi kwenye kufuli ndogo ya nje yenye ufunguo wake. Sasa mwenye nyumba akikosa umeme, rimoti na kitufe, bado ana ufunguo.

"Mashine ya kuamrishwa kwa mbali," alisema akishuka ngazi, "isipokuwa na njia ya mkono ni mtego, mzee wangu."

Nimeifikiria kauli hiyo tangu siku ile. Naamini inaeleza kilichotokea mwaka 1972 na 1976 kuliko mihadhara yangu mingi. Kosa halikuwa kwamba nchi ilitaka mfumo unaoongozwa kutoka katikati. Taifa changa lilikuwa na sababu za kutaka hivyo. Kosa lilikuwa kuifunga kamba juu ya kenchi, mahali wananchi wasipoifikia, kwa nia njema kabisa ya kuzuia vurugu. Rimoti ya Dodoma au Dar es Salaam ilipokosa betri, hapakuwa na mtu kijijini aliyeweza kuuinua mlango kwa mikono.

Mfano wa kinyume upo hukohuko Umatengo. Wamatengo wana desturi ya sengu, kikao cha ukoo ambapo watu hula pamoja, wazee husikiliza na mambo hukatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikishirikiana na Wajapani kilifanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, na kamati iliyosimamia kinu cha kusaga kwa nguvu ya maji ilichukua jina hilo, sengu. Jambo lenye uzito kwangu ni mpangilio: utaalamu ulitoka mbali, lakini mkono wa dharura uliachwa kijijini, katika chombo ambacho watu walikuwa wakikifahamu tangu kwa babu zao. Hakikung'olewa kitu cha zamani ili kipya kipate nafasi. Kipya kiliunganishwa kwenye nyaya zilizokuwapo.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara kama mimi ni mtu wa mageuzi au mtu wa mapinduzi. Kwa sasa nawajibu kwa maswali matatu niliyojifunza gerejini. Kilichokufa ni kipi hasa? Kipi kizima kinachoweza kuunganishwa na kipya? Na kamba ya dharura iko wapi, na nani anaifikia? Mwanaharakati anayedai mfumo mzima uondoke ajibu swali la pili. Mtumishi wa umma anayetetea mfumo mzima ubaki ajibu la kwanza. Na sote, tunapoandika sheria, miongozo na katiba za vyama vyetu, tujibu la tatu kabla ya wino kukauka.

Kahawa ya baba mdogo ilifika chamani asubuhi ya siku ya mwisho. Alipokea stakabadhi yake, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko uleule wa shati ulioiponza rimoti. Rimoti mpya ameitundika ukutani, mbali na karo. Ufunguo wa kufuli ya nje hakuutundika popote: alimkabidhi yule mjukuu mwembamba, mbele yetu sote, akamwambia autunze.